Kusahihisha DD 214 ukiwa Dar es Salaam: tathmini ya huduma ya kurudisha nishani zilizoachwa

Huduma tunayoipima hapa haina ofisi Dar es Salaam. Inaanzia St. Louis, jimbo la Missouri, kisha inaendelea kwenye ofisi za majeshi yenyewe ya Marekani. Wanaoihitaji ndio wako hapa kwetu: Mtanzania aliyeingia jeshi la Marekani akiwa mkazi wa huko, akatumikia Iraq au Afghanistan, kisha akarudi kuishi Mbezi Beach au Kigamboni, mjane wake, watoto wake. Mkononi wana DD 214, hati ya kuachishwa utumishi, na wakiisoma vizuri wanakuta kisanduku namba 13, kile cha nishani, beji na tepe, kimeandikwa pungufu.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Huduma ni ya bure, inafanya kazi, na inakamilika bila mtu kupanda ndege. Ni ya polepole pia, na ina tabia moja inayowaangusha wengi: inajibu kile kilichoandikwa kwenye fomu, haijibu shida iliyo moyoni mwa mwombaji. Ukiomba nakala utapewa nakala. Ukiomba medali utatumiwa medali. Usipoandika kwamba unataka rekodi isahihishwe, unaweza kuipata medali mezani na hati ikabaki na pengo lake.

Haya yote yanahusu majeshi ya Marekani tu. Kumbukumbu za askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) zilikuwa chini ya Uingereza, na JWTZ lina utaratibu wake. Tunalisema kwa sababu familia nyingi huchanganya, wakapeleka barua ya babu aliyepigana Burma kwenye ofisi ambayo haijawahi kuwa na jalada lake.

Pengo linatoka wapi

DD 214 huandaliwa kabla askari hajaondoka, na karani hutumia kilichomo kwenye mfumo siku ile. Amri ya nishani ikisainiwa wiki mbili baadaye, haimo. Ndivyo zinavyopotea nishani za mwisho wa utumishi, ile ya kumaliza misheni na ile ya kuagwa kikosini.

Tuzo za kikosi kizima nazo huchelewa. Kikosi hupendekezwa, pendekezo hupanda ngazi hadi juu, na amri ikitoka askari ameshavua gwanda siku nyingi. Hakuna anayemtafuta kumwambia. Kama alikuwa kwenye kikosi hicho ndani ya tarehe zilizotajwa kwenye amri, tuzo ni yake, ila lazima aidai mwenyewe.

Kisha kuna nyota. Hapa ndipo kosa hujificha hata kwa watu makini, kwa sababu nishani yenyewe ipo, kilichokosekana ni idadi. Nishani ya kampeni ya Afghanistan, Afghanistan Campaign Medal, hubeba nyota moja ya shaba kwa kila awamu ya vita ambayo askari aliishiriki. Awamu iliyoitwa Consolidation II ilianza tarehe 1 Oktoba 2006 ikaisha 30 Novemba 2009. Consolidation III ikaanza kesho yake, 1 Desemba 2009, hadi 30 Juni 2011. Aliyekuwa huko kuanzia Machi 2009 hadi Februari 2010 amekanyaga awamu mbili kwa misheni moja, hivyo ana nyota mbili. Hati nyingi huandika nyota moja kwa sababu karani amehesabu misheni badala ya awamu. Chukua DD 214, soma kisanduku 18 cha maelezo mengine, ambako hati za Jeshi la Nchi Kavu huandika tarehe za kuingia na kutoka nchi ya vita, kisha zilinganishe na awamu. Mara kadhaa ushahidi wa kosa umo kwenye karatasi ileile yenye kosa.

Nishani ya mwenendo mwema, Good Conduct Medal, husahaulika kwa namna nyingine. Jeshi la Nchi Kavu huitoa kwa askari wasio maofisa kwa kila miaka 3 ya utumishi mfululizo, na kamanda akitaka kuizuia anapaswa kuandika sababu. Kama jalada halina karatasi ya kuizuia na miaka imetimia, dai lina miguu ya kusimamia. Mtu mwenye miaka 6 safi na nishani moja tu ya mwenendo mwema amepunjwa.

Kabla ya kuandika lolote, tenganisha nishani zako katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zinazotolewa kwa kutimiza sharti: kuwa mahali fulani, kwa muda fulani, katika kikosi fulani. Nishani za kampeni za Iraq na Afghanistan zinadai siku 30 mfululizo au siku 60 za kuunganisha. National Defense Service Medal inadai utumishi ndani ya kipindi kilichotangazwa, na kipindi cha mwisho ni cha tarehe 11 Septemba 2001 hadi 31 Desemba 2022. Hizi zinathibitishwa kwa tarehe. Fungu la pili ni zile zinazodai mtu kupendekezwa na mkubwa wake na amri kusainiwa: Bronze Star, Army Commendation Medal na jamii yake. Hata Combat Action Badge iko huku, ingawa wengi hudhani kuwapo vitani kunatosha. Haitoshi. Beji hiyo ilianzishwa Mei 2005, inahesabu matukio kuanzia 18 Septemba 2001, na inahitaji tukio mahususi la kushambuliana na adui pamoja na idhini ya mwenye mamlaka. Nishani ya fungu la pili isiyo na amri si kosa la karani, na kuidai kama kosa la karani kutakurudishia barua ya kukataliwa.

Hatua ya kwanza: jalada lote, si hati moja

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kuanza kudai nishani kabla hajaliona jalada lake. Anza kwa kuomba nakala ya jalada zima la utumishi kutoka National Personnel Records Center, kituo kinachofahamika kwa herufi NPRC. Humo ndimo amri, tathmini za utendaji na vyeti hulala, na si mara chache amri ya nishani inayodaiwa imo humo, ila haikuhamishiwa kwenye DD 214.

Njia ni mbili. Ya mtandaoni inaitwa eVetRecs na inamtaka mwombaji athibitishe utambulisho wake kupitia ID.me, jambo ambalo kwa aliyeko nje ya Marekani linaweza kukwama kwenye namba ya simu. Likikwama, usipoteze wiki. Tumia njia ya pili, fomu SF 180, iliyojazwa, ikasainiwa na kutumwa kwa barua. Aliyefanikiwa kupita eVetRecs asitume tena SF 180 ya jambo lilelile. Maombi mawili hayafiki haraka kuliko moja, na kituo chenyewe huomba watu wasiulizie kabla siku 90 hazijapita.

Kwenye sehemu ya pili ya fomu, chagua nakala ambayo haijafutwa kitu. DD 214 hutolewa kwa namna mbili: moja huficha sababu ya kuachishwa na aina ya kuachishwa, nyingine huonyesha vyote. Ofisi zitakazofuata zinataka hiyo ya pili. Halafu, katika nafasi ya mengineyo, andika kwa Kiingereza na kwa ukamilifu kwamba unaomba jalada lote la utumishi, pamoja na amri zote za nishani.

Sasa mambo ya hapa Dar ambayo mwongozo wa Marekani hauyajui.

Karatasi. Fomu zao zimepangwa kwa karatasi ya sentimita 21.6 kwa 27.9, na stationari zetu zinatumia A4, ambayo ni nyembamba kidogo na ndefu zaidi. Ikichapishwa bila kurekebisha, ukingo wa kulia hukatika na tarakimu ya mwisho ya namba huliwa. Mwambie kijana wa stationari achague ukubwa unaojirekebisha kulingana na karatasi, kisha kagua kingo zote nne kabla ya kulipia.

Tarehe. Wao huanza na mwezi. 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili, kwao ni Machi 4. Andika jina la mwezi kwa herufi na utata umekwisha. DD 214 yenyewe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku.

Majina. Hili ndilo linalokwamisha zaidi. Kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu. Siku ya kuandikishwa jeshini, la babu likageuka jina la ukoo, la baba likawa herufi moja katikati, au yakapangwa vinginevyo. Pasipoti ya sasa inasoma hivi, kitambulisho cha NIDA kinasoma vile. Fomu inataka jina lililotumika jeshini, herufi kwa herufi, hata kama lilikosewa. Jina la sasa liandike kwenye barua ya maelezo, na uambatishe kinachounganisha majina hayo mawili: cheti cha ndoa, cheti cha uraia au hati ya kubadili jina.

Muhuri. SF 180 haihitaji wakili, haihitaji kiapo cha mahakamani, haihitaji mhuri wa ubalozi. Saini yako chini ya tamko la kusema kweli, lililokwisha chapishwa kwenye fomu, ndiyo kiapo. Ubalozi wa Marekani pale Msasani hutoza dola 50 kwa kila muhuri wa uthibitisho, na kwa fomu hii fedha hiyo haimnunulii mtu chochote. Ubalozi hauwezi kuongeza nishani kwenye rekodi, na idara ya maveterani, VA, haiwezi pia. VA husoma rekodi, haiandiki.

Anwani. Weka S.L.P. unayoimiliki mwenyewe au ya mtu wa familia. S.L.P. ya mwajiri ni hatari: mtu akihama kazi, bahasha hukaa mapokezi hadi inatupwa. Ongeza namba ya simu yenye +255 na barua pepe.

Na usalama. Kwenye karatasi hizi imo namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, na anayeipata anaweza kukopa kwa jina lako. Usitume picha za DD 214 kwa WhatsApp kwenye simu ya stationari. Nenda na flashi, simama pembeni ya kompyuta, hakikisha faili limefutwa, pamoja na lile lililobaki kwenye kapu la taka la kompyuta.

St. Louis tunaipa 4 kati ya 5. Ombi la DD 214 peke yake hujibiwa haraka kuliko watu wanavyotarajia. Jalada zima huchukua muda zaidi. Wakati wa janga la korona mrundikano ulipita maombi 600,000 mwaka 2022, na mwanzoni mwa 2024 ulikuwa umeondolewa. Pointi moja tunaipunguza kwa sababu majibu yao ni ya kifomu, na asiyezoea lugha ya ofisi za Marekani hajui barua imemwambia endelea au imemwambia basi. Ukihitaji kupiga simu, St. Louis iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa kiangazi chao na saa 9 wakati wa baridi. Ofisi zao zikifungua saa 2 asubuhi, hapa ni saa 10 au saa 11 jioni.

Wachache watajibiwa kwamba jalada liliungua. Ni kweli, si kisingizio. Moto wa tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18, yakiwemo takriban asilimia 80 ya ya Jeshi la Nchi Kavu kwa walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Aliyeachishwa Jeshi la Nchi Kavu baada ya hapo hahusiki na moto huo.

Dirisha la kawaida na DD 215

Jalada likifika, lisome ukiwa na kalamu. Ukiipata amri ya nishani humo, au tarehe zinazothibitisha nishani ya fungu la kwanza, huendi kwenye bodi yoyote. Unaomba marekebisho ya kiutawala. Matokeo yake ni DD 215, karatasi moja inayosema kisanduku gani kifutwe nini na kiongezwe nini. DD 214 ya awali haichapishwi upya. Hizi mbili husafiri pamoja daima, na anayetoa fotokopi ya moja bila nyingine ni kama hakusahihishiwa kitu.

Kila jeshi lina dirisha lake: Jeshi la Nchi Kavu liko Fort Knox, Kentucky, Jeshi la Majini liko Millington, Tennessee, Jeshi la Anga liko kambi ya Randolph, San Antonio, Texas. Barua iwe ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, bila historia ya maisha. Itaje kisanduku, kilichoandikwa sasa, kinachotakiwa kuandikwa, na kiambatisho kinachothibitisha. Kwa mfano wa nyota uliotangulia: kisanduku 13, nyota moja isomeke mbili, kiambatisho A ni DD 214, angalia kisanduku 18, kiambatisho B ni taarifa za mshahara. Kila kiambatisho kiandikwe herufi yake juu kulia, na mstari unaohusika uzungushiwe kalamu kwenye nakala. Asilia haziondoki nyumbani.

Taarifa za mshahara tumezitaja kwa makusudi. Watu huzitupa, kumbe ni ushahidi mzito. Aliyekuwa kwenye eneo la hatari alilipwa nyongeza ya dola 225 kwa mwezi, na malipo hayo yana tarehe. Amri za safari zikipotea, nyongeza hiyo inaonyesha miezi aliyokuwa huko. Madai ya gharama za safari, rekodi za chanjo na matibabu za kambini, na tathmini ya utendaji inayotaja misheni kwa jina hufanya kazi ileile.

Cheti cha ukutani chenye fremu nzuri ni ushahidi, lakini dhaifu peke yake. Kinachotafutwa ni namba ya amri na tarehe yake. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, pendekezo huandikwa kwenye fomu DA 638, na namba ya amri hukaa mwishoni mwa fomu hiyo. Kama una cheti bila namba, mtafute aliyekuwa karani wa kikosi au mkubwa wako wa wakati ule. Wengi bado wana nakala.

Madirisha haya tunayapa 3. Yanatofautiana mno. Faili lenye barua safi na viambatisho vilivyopangwa hupita. Faili lenye kurasa 70 zisizo na mpangilio hurudi na barua inayosema ushahidi hautoshi, hata kama ushahidi ulikuwa ukurasa wa 43. Hatulaumu sana. Anayelisoma ana rundo mbele yake, na kumrahisishia ni kazi ya mwombaji.

Medali zenyewe, baada ya kuthibitishwa, hutoka kwenye bohari. Za Jeshi la Nchi Kavu hutumwa kutoka Philadelphia, na mhusika halipi.

Bodi

Dirisha la kawaida likikataa, sasa unaenda kwenye bodi ya kusahihisha rekodi. Si kabla. Bodi hurudisha ombi la mtu ambaye hajapita njia za kawaida, na barua ya kukataliwa ndiyo tiketi yako, kwa hiyo itunze. Jeshi la Nchi Kavu lina bodi yake, Majini na Marine Corps wana moja kwa pamoja, Anga ina yake, Walinzi wa Pwani wana yao. Fomu ni moja kwa wote: DD 149. Bure pia.

Sheria inatoa miaka 3 tangu mtu alipogundua kosa. Wengi wetu husoma hapo na kukata tamaa kwa sababu waliachishwa mwaka 2008. Soma tena: tangu kugundua, si tangu kuachishwa. Na hata miaka ikipita, bodi ina uwezo wa kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki, na fomu ina nafasi ya kulieleza hilo. Ijaze. Usiandike tu kwamba hukujua. Andika ulipata lini jalada, ukaona nini humo, ukaandika barua gani, ukajibiwa nini na lini. Tarehe nne zilizopangwa vizuri zinaongea kuliko aya mbili za huzuni.

Bodi huanza kwa kudhani kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo uko kwa mwombaji. Ushahidi wako hauhitaji kuondoa kila shaka. Unahitaji kuelemea upande wako wa mizani. Hapa ndipo mashahidi wanapokuwa na thamani, na ndipo mashahidi wengi wanapoharibu. Maelezo ya shahidi yanayofaa yanataja jina lake kamili, cheo chake wakati ule, kikosi hadi ngazi ya kombania na platuni, tarehe, mahali, yeye alikuwa wapi, na aliona nini kwa macho yake. Yasainiwe na kutiwa tarehe. Yasiyofaa ni yale yanayosema kwamba alikuwa askari hodari na anastahili. Hayo ni maoni, na bodi haitoi nishani kwa maoni.

Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa na adui vitani, tuikalie kidogo, maana ndiyo inayodaiwa kwa uchungu mwingi na kukataliwa kwa wingi. Vitu vitatu vinatakiwa vyote kwa pamoja: jeraha, jeraha limesababishwa na kitendo cha adui, na jeraha lilitibiwa, au lilihitaji kutibiwa, na tabibu, na likaandikwa. Gari kupinduka kwa sababu ya barabara mbovu haimo. Gari kupinduka kwa bomu lililotegwa imo. Mtikisiko wa ubongo unaweza kuhesabiwa ikiwa ulimfanya mtu kupoteza fahamu au tabibu akamzuia kazi kamili kwa zaidi ya saa 48. Msongo wa akili baada ya vita, pamoja na ukali wake wote, hauhesabiwi kwa nishani hii, ingawa una haki yake kamili upande wa matibabu na fidia. Kwa hiyo tafuta rekodi ya matibabu ya siku ile, hata ya mstari mmoja ya kituo cha huduma ya kwanza. Bila hiyo, mashahidi wawili wazuri wana kazi ngumu mbele yao.

Inafaa kuhangaika, kwa sababu nishani hii si ya kupamba ukuta tu. Mwenye nayo huwekwa kwenye kundi la 3 la kipaumbele katika matibabu ya VA, na aliyeipata kwa utumishi wa kuanzia 11 Septemba 2001, akaachishwa kwa heshima, ana haki ya asilimia 100 ya mafao ya elimu ya Post-9/11 GI Bill. Beji na nishani za mapigano humsaidia pia mtu anayedai fidia ya msongo wa akili, kwa kuwa zinathibitisha alikuwa kwenye mapambano.

Sheria inazitaka bodi kumaliza asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10, na kila ombi ndani ya miezi 18. Panga maisha yako kwa hiyo 18. Kwa kasi tunazipa 2. Kwa ubora wa uamuzi tunazipa 4, na tunasema hivyo kwa moyo mmoja: uamuzi huja kwa maandishi, wenye sababu, ukitaja kila karatasi iliyosomwa. Uamuzi wa zamani, ukiwa umefutwa majina, husomeka bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya bodi hizo. Tafuta humo nishani yako na kipindi chako kabla hujaandika neno. Utaona ni ushahidi gani ulikubaliwa kwa mtu mwenye hali kama yako, na huo ni ushauri bora kuliko wa wakili wa kulipwa. Ukikataliwa, unaweza kuomba upya wakati wowote ukiwa na ushahidi ambao bodi haijawahi kuuona. Ushahidi uleule kwa maneno makali zaidi hauhesabiki kuwa mpya.

Kuna njia ya tatu kwa nishani za fungu la pili ambazo hazikuwahi kupendekezwa au pendekezo lilipotea: pendekezo lililochelewa huwasilishwa kupitia mbunge wa Bunge la Marekani. Kwa aliyeko Dar, ni mbunge wa mahali alipoishi mwisho kule. Inadai DA 638 au fomu ya jeshi husika, saini ya mkubwa wa wakati ule na maelezo ya walioona. Ni njia ndefu. Ianze tu kama mkubwa wako yuko hai na yuko tayari kusaini.

Mjane na watoto

Kwa kuomba jalada, ndugu anayetambuliwa ni mjane au mgane ambaye hajaoa au kuolewa tena, baba, mama, mtoto, kaka au dada. Mjukuu hayumo, wala shangazi, wala mjomba, hata kama ndiye aliyemlea marehemu. Katika familia zetu hili huleta ugomvi, kwa sababu msemaji wa ukoo ndiye anayetaka kusaini. Asaini mtoto. Msemaji wa ukoo apange karatasi.

Ambatisha uthibitisho wa kifo. Cheti cha RITA ndicho cha kutumia. Kibali cha mazishi hakitoshi. Kama marehemu alikuwa raia wa Marekani na amefia hapa, familia iombe ubalozini taarifa ya kibalozi ya kifo cha raia ugenini. Ni hati ya Marekani, na ofisi zao huitambua bila swali. Jina kwenye cheti cha kifo likitofautiana na la jeshini, weka barua fupi na hati inayoyaunganisha, kama ilivyoelezwa kwa walio hai. Mjane, mrithi au mwakilishi wa kisheria anaweza pia kwenda mbele ya bodi.

Vishoka

Wapo mjini watu wanaotoza fedha kwa kujaza SF 180 na kuahidi kwamba wana mtu ndani. Hakuna mtu ndani. Tunawapa 0. Fomu ni ya bure, kuituma ni gharama ya posta, na msaada wa kweli wa bure upo: vyama vya maveterani vya American Legion, VFW na DAV vina wawakilishi wanaosaidia maveterani kujaza DD 149 na hata kusimama nao mbele ya bodi, na mawasiliano hufanyika kwa barua pepe. Stationari ilipwe kwa kuchapa na kuskani, basi.

DD 215 ikifika, ikague palepale kabla hujaiweka kwenye faili. Angalia jina, tarakimu za mwisho za namba yako, tarehe ya DD 214 inayorekebishwa, tahajia ya kila nishani na idadi ya nyota. Ikiwa na kosa, irudishe kwa barua ileile ya ukurasa mmoja, na itasahihishwa kwa DD 215 nyingine. Ikiwa sawa, toa nakala tatu pamoja na DD 214: moja ya VA, moja ya nyumbani, na moja ikae kwa ndugu asiyeishi nawe.